Fahad Akwangua Mgongo wa Barabara

Fahad bin Othmani hakuwahi kuendesha trekta maishani mwake. Aliwahi kulitazama, na kwa maoni yake hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Baba yake alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge kule Tanga, matrekta yakipita dirishani kwake kutwa. Basi mwaka 2012, madamu Denise, mwenye ukumbi wa harusi nje kidogo ya Johannesburg, alipowauliza wafanyakazi wake nani anajua trekta, mkono wa Fahad ulipanda kabla akili haijaamka.

Kutoka getini mpaka ukumbini kulikuwa na mita mia nne za changarawe. Kwa miaka tisa barabara hiyo ilikuwa ya mzee Melchior, Mrundi mwenye koleo, reki na kikohozi. Sasa madamu alikuwa amenunua trekta dogo jekundu. Nyuma yake unafunga sanduku la chuma lenye makali chini, unaliburuta, nalo linakwangua changarawe na kuitandaza.

Siku ya kwanza Fahad alipiga picha juu ya trekta, ameshika usukani kama amezaliwa nao. Picha ikafika Tanga jioni ile ile. Mama yake akaichapisha na kuitundika sebuleni, juu ya televisheni.

Kazi yenyewe aliifanya kwa kipimo alichokijua. Kwao uwanja unafagiliwa alfajiri mpaka ufagio wa chelewa uache mistari, na uwanja wenye tuta ni aibu ya mwenye nyumba. Akaiona barabara imeinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe mwenye njaa, akaikwangua. Kwenda na kurudi, siku mbili nzima, mpaka ikalala kama mkeka.

"Wewe kijana," Melchior akamwambia, "hii barabara iko na mgongo. Mgongo unatupa maji pembeni, kwenye mitaro. Unautoa wa nini?"

"Mzee Melki, mgongo ni wako wewe na koleo lako. Hii ni mashine."

"Na pembeni umeacha kingo za changarawe. Maji yatatokea wapi?"

"Yatapiga hodi getini, mzee, utayafungulia."

Walinzi wa getini wakacheka, na Fahad akashiba kicheko chao.

Jumamosi ilikuwa na harusi. Saa nane mchana mbingu ya Johannesburg ikafanya mambo yake ya Novemba: radi, mawe ya barafu, kisha mvua ya kumwagwa. Ilinyesha nusu saa tu. Maji yakakuta barabara tambarare, imezibwa kwa kingo kulia na kushoto, yakashuka katikati kama mtu aliyeitwa. Changarawe yote ikahamia getini. Mahali pake ukabaki mfereji wa kina cha goti, na ndani ya mfereji gari la bibi harusi, matairi ya mbele yakiwa hayaonekani. Bibi harusi alibebwa mgongoni na mjomba wake, shela ikifagia matope.

Madamu Denise alikuja na mwavuli na uso usio na damu. "Nini kimetokea hapa?"

Melchior alikuwa amesimama pale pale, maji yakimtiririka kofiani. Kiingereza chake kilikuwa maneno kumi hivi. Cha Fahad kilikuwa kingi, na hapo ndipo ubaya ulipo.

"Mitaro, madamu," Fahad akasema kwa Kiingereza safi, kidole kikimwelekea Melchior. "Mzee hakuizibua."

Madamu akamgeukia Melchior. Maneno mzee hakuyaelewa, kidole alikielewa. Akavua kofia. "Sori, madamu," akasema.

Akaambiwa mwisho wa mwezi aondoke, na chumba cha nyuma alimokuwa analala akiache.

Usiku huo nyumbani, mtaa wa Bertrams, Fahad alimsimulia mkewe Tabia kisa cha bibi harusi na mjomba. Alikisimulia vizuri, mpaka kwa sauti za kuigiza. Tabia hakucheka.

"Na huyo mzee atalala wapi?"

"Eish, Tabia, mimi ndiye manispaa?"

"Sijauliza manispaa."

Fahad akala ugali wake kama anatafuna saruji.

Jumatatu alimkuta Melchior getini anajaza changarawe kwenye toroli, kuirudisha juu mita mia nne, kazi ya watu watano, kwa ajili ya mahali anapofukuzwa. Fahad akapita bila salamu. Akaenda moja kwa moja mlango wa jikoni.

"Madamu, mitaro ilikuwa wazi. Mzee aliniambia nisiguse mgongo wa barabara, nikaukwangua. Trekta sijawahi kuendesha. Baba yangu alikuwa anapima mkonge."

 Madamu akanyoosha mkono. "Funguo."

Akampa.

"Melchior anabaki. Wewe utabaki kama yeye atakutaka. Nenda ukamuulize."

Safari ya kurudi getini ilikuwa ndefu kuliko ile ya kutoka Tanga. Fahad akaeleza yote kwa Kiswahili, hata kile alichokisema kwa Kiingereza. Melchior akamsikiliza, akatema pembeni.

"Kumbe lilikuwa hilo," akasema. "Nilidhani nimeua mtu." Akamsukumia toroli. "Shika. Na mdomo ufunge."

Saa nne simu ikaita. Mama.

"Mwanangu, wageni wako hapa wanaitazama picha yako. Trekta linaendeleaje?"

Fahad akaweka toroli chini. Viganja vilikuwa vimechubuka tayari. "Mama, itoe ile picha."

"Kwa nini? Trekta limeharibika?"

"Trekta ni zima. Nasukuma toroli."

 Nyuma ya Fahad, Melchior akagonga koleo kwenye jiwe, mara mbili, kumrudisha kazini.