Shemeji kasoma habari za panya, akaja kunitibu mimi

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenipata mwenyewe hapa Tukuyu, siongezi chumvi, na hasira bado ninazo.

Nina mtoto wa miezi miwili. Tangu nijifungue nilikuwa nalia tu. Naosha vyombo nalia, namenya ndizi nalia.

Akatokea shemeji, mdogo wake mume wangu, mwenye duka la dawa Bagamoyo (hii ya kwetu Tukuyu, msinitafute baharini).

"Shem, umepona! Watafiti wamegundua huzuni inatibika palepale kwenye ubongo zinapofanyia kazi dawa kali za maumivu. Opioid receptors hizo. Kamata."

Profesa wa bando la wiki! Akanipa vidonge vya maumivu, vile vya kuandikiwa na daktari. Nikameza. Kwa hali niliyokuwa nayo ningemeza hata mkaa.

Kesho yake mtoto kanyamaza. Halii, hanyonyi, kalala tu.

Nyumba nzima shangwe! Mama mkwe akamgeukia shemeji: "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu! Dawa yako imemtuliza mpaka mtoto." Shemeji kifua mbele.

Nikamfinya mtoto unyayo. Kimya. Pumzi yenyewe ya kutafuta. Nikambeba mbio hospitali, miguu peku.

Nesi akauliza swali moja: "Mama, unameza nini?"

Dawa ilikuwa inapita kwenye maziwa. Namlewesha mwanangu kwa ziwa langu mwenyewe.

Wakampigania, Mungu mkubwa, akaamka.

Tukiwa wodini nikafungua link ya hiyo habari, shemeji alikuwa amenitumia kwenye simu. Wakuu, ni PANYA. Wanapewa kemikali mpya, hata madukani haipo, kisha wanatumbukizwa kwenye maji. Anayepiga miguu muda mrefu bila kukata tamaa, dawa ina matumaini. Mwisho wameandika bado haijajaribiwa kwa binadamu.

Msomi wetu hakufika mwisho.

Siku hizi naenda kliniki, naongea na mtu anayejua kazi yake, nalala. Dada unayelia baada ya kujifungua, nenda huko, usitibiwe na shemeji.

Sasa kanuna, eti nimemharibia jina. Mume wangu naye: "Msamehe, alitaka kusaidia."

Nikamwambia, baba, wale panya wakichoka kuna mtu anawatoa majini, anawafuta na taulo. Mimi mlikaa pembeni mnanipigia makofi.

Mnaomtetea shemeji karibuni kwenye comments. Nipo, mtoto ananyonya.