Simba wa Simiti Kapseret

Siku ya kwanza Kipkoech alipomletea maziwa, Muthoni, mchuuzi wa maziwa mjini, alitumbukiza kipimo mtungini akaona yametiwa maji.

"Rudi nayo."

"Mama, mimi ni Kipkoech. Wa wale wa Kapseret, wenye geti la simba."

Muthoni hakuwa mtu wa kuuziwa maneno. Lakini katika kabila lake Muthoni mtoto huitwa jina la babu yake, na jina ni damu. Na nani katika biashara ya maziwa Eldoret asiyewajua akina Kipkoech? Ekari mia tatu, ng'ombe wa gredi, simba wawili wa simiti getini. Akayapokea, akamwonya asirudie. Hakurudia. Miaka tisa alimletea kwa baiskeli maziwa safi ya wakulima wadogo, akisimulia mahindi ya "watu wetu".

Watu hao hawakumjua. Alilelewa katika makao ya mayatima karibu na Timboroa, na alifika hapo na jina tu.

Saratani ya koo ilipomlaza, aliomba kitu kimoja. "Mama, wewe unajua kupatana. Waambie wanizike kwao. Makaburi ya mji ni ya watu wasio na kwao."

Muthoni akaenda Kapseret. Mama Jepkosgei, mjane mwenye boma, alimpa chai akamsikiliza.

"Kipkoech ni mtoto aliyezaliwa alfajiri," alisema. "Marehemu mzee wangu aliitwa hivyo. Dereva wa trekta yangu pia. Sisi huulizana ukoo, na mnyama wa ukoo. Wake ni gani?"

Muthoni akampigia Kipkoech simu hospitalini. Sauti ikakwaruza: "Simba."

Jepkosgei akaguna. "Hao simba tuliuziwa na fundi wa Nakuru. Sisi ni wa ndege korongo."

"Futi sita tu, Mama. Hana mke wala mtoto."

"Leo hana. Nikishamzika hapa, kesho watatokea watatu na wakili, waseme baba yao amelala kwake."

Muthoni hakubishana. Kama shamba lingekuwa lake, yeye pia angekataa. Kabla kikombe hakijaisha, aliuliza maziwa ya jioni huchukuliwa na nani.

Hospitalini hakuzungusha maneno. "Wamekataa. Mnyama wao ni korongo."

Kipkoech alijiinua kwa kiwiko. "Basi rudi uwaambie nilikosea. Ni korongo."

"Hawatakubali."

"Waambie tu."

Muthoni hakurudi. Alhamisi Kipkoech akafa.

Walimzika makaburi ya mji: Muthoni, pasta, na wakulima wawili aliokuwa akiwabebea maziwa. Jeneza la mbao hafifu alilinunua Muthoni. Karani wa makaburi aliuliza jina la ukoo.

"Andika Kipkoech. Hana lingine."

Jepkosgei alibaki na shamba lisilo na kaburi la mgeni. Muthoni alipata humo maziwa lita themanini kila jioni, safi, hazihitaji kipimo. Akienda kuzichukua hupita kati ya wale simba wawili. Mmoja ameshabanduka sikio.