Meli ya Njenga Jangwani

Njenga alihudhuria semina ya sheria za biashara ya kimataifa katika hoteli moja ya Lodwar, na tangu hapo mtaa mzima haukupumua. Ukimwamkia "Ejok," anakujibu kwa kifungu cha mkataba. Hata mkewe, Jerusha, alipomtuma maziwa, alisomeshwa kwanza ni wakati gani hasara humtoka muuzaji ikawa ya mnunuzi.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kawaida tu. Alitoka Murang'a kuja kuuza mabati na misumari, akahamia kwenye samaki wakavu wa ziwani, akajenga nyumba Nawoitorong, akanenepa. Mambo yalimwendea vizuri kwa sababu alifuata desturi ya wenzake sokoni: mnunuzi huchomoa samaki mmoja kwenye mzigo, akamchoma, akamla mbele ya muuzaji. Akishameza, mzigo wote ni wake, hata uteketee njiani.

Ndipo akaja Anyang, mfanyabiashara wa Sudan Kusini mwenye ghala Kakuma. Alitaka lori zima la samaki. Alipoinama kuchagua wa kuchoma, Njenga akamshika mkono.

"Wewe unatoka nchi nyingine, kwa hivyo hii ni biashara ya kimataifa," akasema. "Mambo ya kutafunatafuna ni ya kishamba. Tutaandikiana."

"Mzee, mimi nakula sasa hivi. Nikishakula, ni yangu. Iko shida gani?"

Njenga hakumsikiliza. Alinakili mkataba wa muuza chai mmoja wa Mombasa, akafuta chai akaandika samaki, akagonga muhuri kila ukurasa. Mkataba ulisema mzigo utakuwa wa muuzaji, na hasara yake, mpaka upakiwe melini. Melini! Lodwar hii, ambako mto wenyewe mara nyingi ni mchanga mtupu! Lakini kichwa kikishavimba, macho hufunikwa.

Lori likafika Kakuma salama, likateremka kuvuka mto Tarach kwenda ghalani. Mto ulikuwa mkavu, ila mvua ilikuwa imenyesha mbali milimani. Maji yakaja kwa kishindo. Dereva akaruka, na samaki wakavu wakarudi majini.

Njenga alipofika, lori lilikuwa limevutwa nje na mzigo umeanza kunuka.

"Pole sana kwa hasara yako," akamwambia Anyang, kwa sauti ya wakili. "Mzigo ulishatoka mikononi mwangu."

Anyang akatoa nakala yake, akaweka kidole juu ya kile kifungu. "Mzee, nionyeshe meli. Nikiona meli, nachukua samaki."

Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini, na walikuwa na haki ya kucheka.

Njenga akarudi Lodwar na lori la uvundo. Jerusha alichomoa samaki mmoja, akamchoma, akamweka mezani mbele ya mumewe.

"Kula, Baba Shiko," akasema. "Mzigo uwe wako kabisa."