Adabu ya Mzee Boinali

Tangu amzike mamake kisiwani Nosy Be, muuguzi Echata alikuwa na ganzi. Alipanda meli, akashuka bandari ya Mahajanga, akaanza kazi hospitalini, na hakuna lililomwingia. Jamhuri ilikuwa bado changa: bendera mpya, madaktari wale wale wa kikoloni.

Madaktari walikuwa wamemgawana Mzee Boinali. Mmoja alichukua sukari, mwingine moyo, wa tatu kidonda cha mguu, ambacho alikitazama kama mtu anayechagua nyama buchani. Sukari isiposhuka, mguu ungekatwa. Echata aliachiwa mwenye mguu. Katika mpango wa uuguzi, penye tatizo, aliandika: "Mgonjwa hawezi kukataa chakula."

Mzee alikuwa amefanya harusi kuu ya Kikomoro, ile inayompa mtu cheo. Mtu wa hadhi yake akisukuma sahani ya mgeni, amemtukana mgeni na ukoo wake wote. Na wageni kutoka mtaa wa Mahabibo walikuja kwa zamu, kila mmoja na halua yake.

"Bakoko, waambie umefunga," Echata alimwambia kwa Kikomoro, akimwita babu. "Kabla ya magharibi wageni wote tunawatoa, hakuna atakayekuona ukifuturu."

"Nimefunga nini mimi?"

"Saumu za kulipa. Nani atakuhesabia?"

Mzee akacheka, akakubali. Wageni wakarudi na sahani zao huku wakimsifu. Mpango ulienda vizuri mno.

Kesho yake mchana Echata alimkuta amelowa jasho, haitiki. Uji wa asubuhi ulikuwa chini ya kitanda, umeganda. Mzee hakutaka kusema uongo, basi alifunga kweli. Na sindano ya kushusha sukari alichomwa na Echata mwenyewe. Akamtia maji ya sukari mshipani. Akaandika kipimo kwenye chati kama siku nyingine yoyote.

Mzee akazinduka. "Umenivunjia saumu."

"Ungekufa."

"Ningekufa mkweli."

"Na mimi ningeandika ripoti."

Echata akaufuta mstari wa saumu katika mpango, akaandika: "Muuguzi atakataa kwa niaba yake." Alasiri akasimama mlangoni. Dada wa mzee, Kouraichia, akafika na sinia.

"Haliingii hilo, mama."

"Namletea kaka yangu. Wewe nani?"

"Mtu asiye na adabu."

Kouraichia akampima juu hadi chini, akasema hakulelewa, akaenda kulitangaza hilo Mahabibo nzima. Kitandani, mzee alilalamika kwa sauti ya kusikika vizuri kwamba dhalimu huyu anamnyima riziki ya ndugu zake. Uso wake ulikuwa na raha. Wiki ile sukari ikaanza kushuka, na daktari wa mguu akahamia kitanda kingine.

Echata alisubiri matusi yamuume. Hayakuuma; ganzi ilikuwa bado ipo. Akamrudisha mgeni aliyefuata.