Kunde za Jumamosi

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, huku chini Tindiga, mama alikuwa ameshafariki. Tulishuka kwa lori kutoka upande wa Lumuma, mimi na baba, na vyombo vyetu katikati ya vyombo vya watu. Chungu cha mama nilikipakata njia nzima. Nilipokiweka chini ili nishuke, mtu akatupia majembe juu yake. Niliokota vigae nikavitupa nyuma ya nyumba kabla baba hajaviona.

Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari, na majirani wote nilikuwa siwajui. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Baba alifanya kazi kwenye genge la reli na kambi yao ilikuwa mbali, kwa hiyo aliondoka Jumapili alasiri na kurudi Jumamosi mchana. Siku za katikati nilikwenda shamba la kijiji, nikapalilia na wenzangu, nikarudi, nikafunga mlango. Kuna siku ilifika jioni nikagundua kwamba tangu asubuhi sijasema neno lingine ila shikamoo.

Jumamosi ndiyo niliyoisubiri. Enzi za mama, Jumamosi ilikuwa siku ya kunde kavu. Alizibandika asubuhi kwenye chungu, moto wa kuni mbili tu, na mpaka mchana zilikuwa zimelainika bila kupasuka. Mimi nilizipikia sufuria. Chini ziliungua, juu zilikuwa bado ngumu. Baba alikula tonge nne tano, akanawa. Jumamosi ya tatu akasema:

"Shangazi yako anataka ukakae kwake Magomeni, pale stesheni anapouza chakula."

"Na wewe, baba?"

"Mimi nitabaki kambini. Nyumba tutamrudishia mwenyekiti, apewe mtu mwingine. Tutaona."

Nilielewa kwamba nikienda, hatutakuwa tena na mahali pa kuita kwetu. Nikajiambia kwamba baba akila kunde kama zile za mama, ataona nyumba hii bado ni nyumba.

Kulikuwa na mama mmoja mfinyanzi aliyepita kijijini na vyungu. Bei ya chungu ilikuwa mpunga wa kukijaza. Nilichagua cha wastani, nikakijaza, akaumimina mpunga kwenye kikapu chake.

"Unajua chungu kipya kinavyoanzwa?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Sikujua. Chungu cha mama kilikuwa kimenizidi umri, sijawahi kuona kipya kikianzwa. Lakini kumwambia mtu nisiyemjua kwamba sijui, nilishindwa.

Jumamosi nikakiosha vizuri, nikakiweka juu ya mafiga, nikatia maji na kunde. Haikuchukua muda kikaanza kutoka jasho. Matone yakadondokea motoni. Nikaongeza kuni, nayo matone yakaongezeka. Kufika saa sita moto ulikuwa umezimika, na kunde zimekaa kwenye maji ya vuguvugu kama nilivyozitia.

Bibi wa nyumba ya mbele alikuwa akinitazama kutoka kwenye kizingiti chake.

"Mjukuu, unapika au unamwagilia majivu?"

Wanawake waliokuwa naye wakacheka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikaingia ndani nikakaa gizani. Baba alipofika alikula ugali kwa chumvi. Alipomaliza akasema, "Jumamosi ijayo nitakuja na shangazi yako."

Nilibakiwa na wiki moja. Jumanne jioni nilikwenda uani kwa bibi nikasimama.

"Umekuja kusimama, au una shida?"

"Bibi, nifundishe kukianza chungu."

Alicheka tena, lakini alisogeza kigoda. "Kalete pumba. Na chungu chenyewe. Kwani ulidhani kinazaliwa kinajua kupika?"

Tulichemsha uji wa pumba mzito ndani ya chungu kile mpaka ukashika pembeni. Alinionyesha jinsi ya kuupandisha kwa upawa ukutani mwa chungu, ili uzibe vitundu vyote. Kisha tukauacha upoe humo humo mpaka kesho yake. Bibi aliniambia watoto wake wamekataa kuhamia huku, wamebaki mjini. Nilimjibu maneno machache. Hata hivyo yalikuwa mengi kuliko ya wiki nzima.

Jumamosi niliamka mapema. Kuni mbili. Maji yalipopungua niliongeza ya moto, si ya baridi. Kunde zilipolainika nikatia karanga za kutwanga na chumvi, nikavuta kuni moja nje, nikaacha chungu kichemke taratibu. Hakikudondosha hata tone. Uani kulikuwa na harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuondoke Lumuma.

Walifika mchana. Baba alikula. Akaongeza, akaongeza tena. Shangazi ndiye aliyesema.

"Haya, nani kapika?"

"Mimi, shangazi."

"Weye! Kaka, ulitaka kumficha huyu huku porini? Kwangu watu wanashuka kwenye treni na njaa zao, mimi mikono miwili tu. Mwanangu, kafungashe, na chungu chako ukibebe."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilipika ili nibaki, na sasa nilitakiwa zaidi huko Magomeni. Shangazi alipokwenda kunawa, nilimsogelea baba.

"Baba, sitaki kwenda. Kila Jumamosi nitapika hivi."

Alitazama ndani ya sahani yake.

"Najua," akasema. "Utapika vizuri Jumamosi. Lakini siku sita ni nyingi, mwanangu. Mama yako asingekubali nikuache hivi."

Alikuwa amesema kweli, na sikujua kwamba alikuwa ameuona upweke wangu.

Kesho yake alasiri tulimpelekea mwenyekiti ufunguo. Barabarani shangazi alitangulia akiongea peke yake habari za Magomeni. Baba alikuja nyuma yetu hadi penye njia ya kambini. Hapo alinishika bega, akasema atakuwa anapita kutuona, akakata kushoto. Nilisikiliza viatu vyake kwenye changarawe mpaka sikuvisikia.