Aliyekaa Nje ya Ua

Mimi si mtu wa kuona vitu. Nianze hapo, usije ukanidhania mambo. Sinywi, silali na njaa, Sabato yangu naishika, na Biblia naisoma bila miwani. Haya ninayokusimulia ukitaka yaite uongo, lakini uyaitie huko mbali, nisikusikie. Niliyaona mchana, nikiwa na panga mkononi na matope miguuni.

Kwetu ni mbele kidogo ya Birongo, ukiteremka kuelekea mtoni. Nilirudi hapo kwa wazazi baada ya miaka mingi ya kukaa kwa mwanaume ambaye hakuwahi kuleta kwa baba hata ng'ombe mmoja wa mahari. Mtoto sikupata. Baba alipofariki, ndugu yangu Ombati alimchukua mama akakae naye Keroka, karibu na hospitali. Mimi nikabaki na nyumba, kuku, na chai ya kuchuma. Unaujua upweke wewe? Si ule wa kukosa mtu wa kwenda naye harusini. Nasema ule wa kumaliza siku nzima bila kutumia sauti yako, halafu jioni unawaambia kuku waingie ndani, unashtuka kusikia mtu akizungumza.

Kilichonishika nisipotewe na akili ni mmea. Chini kabisa, nje ya ua wetu wa michongoma, kuna mkuyu mkubwa na miti michache ya kienyeji iliyoponea, maana kwingine kote ni mikaratusi. Chini ya miti hiyo kuna mmea unaotambaa kama kamba ndefu ya kijani, umejaa vijani vyembamba kama sindano laini, na hapa na pale unasimamisha vichwa vidogo vya manjano. Si kangaga, wala si ule ukoga unaoshika mawe. Nyumbani tuliuita "wa kivulini", basi. Siku moja nilifungia nao mkungu wa ndizi nikaenda nao sokoni Keroka, na Bi Saumu, mpambaji wa harusi, akanidaka mkono.

"Mama, kamba hii umeitoa wapi?"

Tangu siku hiyo nampelekea. Yeye anausuka kwenye matao ya maharusi na mashada ya matanga, kwa sababu hata ukishakatwa hukaa kijani siku nyingi. Vile vichwa navyo, vikikauka ukavikung'uta juu ya karatasi, hutoa unga wa manjano laini kuliko poda. Kina mama wananiomba wawapake watoto wachanga kwenye mikunjo ya shingo. Ukichovya kidole chenye unga huo ndani ya maji, kinatoka kikavu. Hapana, huo si uchawi, ndivyo unga wenyewe ulivyo. Uchawi unakuja.

Shida ilikuwa moja: mmea haukubali kuhamishwa. Nilitaka kuupanda karibu na nyumba, nyuma ya jikoni, nisiwe nashuka mteremko kila mara. Nilijaribu kwenye ndoo, nikajaribu chini ya migomba, nikautilia mbolea ya ng'ombe na maji ya kisima. Ulikufa wote. Nilikuwa nimeinama nikiung'oa mwingine, alasiri moja yenye ukungu, niliposikia sauti.

"Unaung'oa. Ndiyo maana unakukatalia."

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mkuyu, amejifunga leso ya kahawia, na kidevuni ana kovu la moto. Nilidhani ni mgeni wa majirani. Nilimsalimia, akaitika kwa Kikisii cha kizamani, kile alichokuwa akiongea bibi yangu.

"Usiung'oe, ulaze," akasema. "Kamba ikiwa bado imeshika kwa mama yake, ilaze kwenye udongo wa hapa hapa, uibane kwa kijiti cha panda, uifunike kwa majani yaliyooza ya mti huu. Usitie samadi. Ikishatoa mizizi yake ndipo uikate, na unapoihamisha, uihamishe pamoja na udongo wa kwao. Kitu cha kivulini hakiendi ugenini peke yake, moiseke."

Moiseke, yaani msichana. Mimi, na mvi zangu! Nilicheka, na niamini, nilikuwa sijacheka tangu mama aondoke.

Basi akawa anakuja, au niseme mimi nikawa naenda, maana kila niliposhuka kukiwa na ukungu nilimkuta. Tulilaza kamba pamoja, tukakung'uta vichwa pamoja. Alinitania kuhusu mikono yangu mizito na alinisikiliza mpaka mwisho nilipoongea. Ni lini mara ya mwisho mtu alikusikiliza wewe mpaka mwisho? Niliacha hata kumuuliza jina. Niliogopa nikimchunguza sana ataacha kuja.

Jambo moja tu lilinisumbua. Hakuwahi kuvuka ua. Kuna kijilango kwenye michongoma, mimi napita hapo, lakini yeye alinisindikiza mpaka karibu kisha akasimama. Siku moja nilimwambia, "Twende nyumbani unywe chai."

"Huko sijaalikwa."

"Si ndio nakualika sasa?"

Alinitazama kwa huruma, ile inayouma. "Moiseke, wewe mwenyewe huko umealikwa tu."

Niliumia, sitaficha. Niliumia kwa sababu ni kweli. Pale nyumbani hakuna aliyewahi kunifukuza, lakini kila mtu alijua shamba ni la Ombati, na mimi nipo kwa sababu yeye hajasema nisiwepo.

Wiki hiyo hiyo Ombati akanipigia simu. "Jumapili nakuja na mtu wa msumeno wa mashine. Ile miti ya chini tunatoa, tupande chai."

"Na mmea wangu?"

"Dada, aki hayo si majani tu?"

Kivuli kikiondoka, mmea huo haumalizi hata kiangazi kimoja. Na mimi je? Bila kushuka kule chini, ningeamka kufanya nini? Nilishuka kumtafuta yule mwanamke kabla hata ya kula. Nilimkuta mahali pake. Nilipomaliza kumweleza, mvua ya mawe ikatukuta, ile ya kwetu ya alasiri inayokuja bila kubisha hodi. Nilijibana kwenye shina la mkuyu. Mvua ilipenya majani yote, nikalowa mpaka ndani ya nguo, meno yakagongana. Yeye alikuwa amekaa pale pale, nafasi ya mkono tu kutoka kwangu.

Alikuwa mkavu.

Usiniambie alijikinga, nilikuwa hapo. Matone yalimgonga kichwani na begani yakabiringika yakaanguka chini, kama yanavyofanya kwenye kidole chenye ule unga. Nilinyoosha mkono nikamgusa bega kwa vidole viwili, na sijui nilitaka kuhakikisha nini. Leso ilikuwa kavu, na chini ya leso hapakuwa na bega. Palikuwa na ulaini tu, kama kugusa kile kichwa cha mmea kilichoiva. Nilipovirudisha vidole, vilikuwa vya manjano.

"Wasiukate mkuyu huu," alisema taratibu. "Mimi sina mahali pengine." Kisha akasimama, akatembea juu ya mmea kuelekea mtoni, na mmea haukulala chini ya miguu yake.

Nilipanda ule mteremko kwa magoti. Usiku kucha taa iliwaka, na sikuogopa kwamba atakuja. Nililia kwa sababu rafiki yangu wa pekee alikuwa hivyo.

Jumapili Ombati alifika na mtu wake wa msumeno, na mama alikuja naye, anataka kuona nyumba yake. Nilimkalisha mama kwenye kiti nje, nikamwambia yote mbele ya Ombati. Ombati alikuwa anatabasamu, anamkonyeza mwenzake. Nilipofika kwenye kovu la kidevuni, mama aliweka kikombe chini.

"Alikuambia mmea huo unapandwaje?"

"Usiung'oe, ulaze."

Tabasamu la Ombati likaisha. Halafu mama akaongea akiwa anaangalia mikono yake. "Ni dada wa baba yenu. Aliishi kwa mwanaume, mahari haikutoka, akarudi hapa mgonjwa. Alinikuta mimi bibi arusi, sijui kitu, akanifundisha kila kazi ya nyumba hii, hata kuulaza mmea huo. Alipokufa, wazee walisema binti asiyeolewa hazikwi ndani ya boma. Wakampitisha kwenye michongoma wakamweka chini ya mkuyu. Babu yenu akakataza jina lake lisitajwe. Hapakupandwa mgomba wala maua. Mimi nilienda kwa kujificha, nikamlazia ule mmea juu, kwa sababu ndio pekee unaokubali kivuli kile. Huo unaoukata, mwanangu, wote umetokea juu yake."

Wazia. Yale matao ya maharusi ya Keroka yote, wale wasichana wote waliopita chini yake wakipigiwa vigelegele, yalitoka kwake yeye ambaye hakuolewa.

Ombati alisema, lakini kwa sauti ndogo, "Mama, mambo ya zamani hayo."

Hapo ndipo nilipopasuka. "Ya zamani? Na mimi utaniweka wapi, Ombati? Nionyeshe leo. Ni ndani ya ua au ni nje?"

Alinitazama, akautazama ua, akamtazama mama, na mama hakumsaidia. Nafikiri mpaka siku ile hakuwa amewahi kujiuliza. Alichukua panga langu akateremka, nami nikamfuata nikilia, nikijua anaenda kwenye mkuyu. Alisimama kwenye michongoma. Akaanza kuikata. Akaikata upande wote wa chini, mikono ikichanwa na miiba, na yule mtu wa msumeno akaombwa aweke mashine chini ashike panga la pili. Jioni hapakuwa na ua tena kati ya nyumba na mkuyu. Ua mpya tumeupanda ng'ambo ya mkuyu, karibu na mto.

Jioni hiyo mama alishikwa mkono akashuka, akamwita shangazi kwa jina lake, akamwambia chai iko tayari nyumbani. Basi. Hatukufanya lolote jingine.

Na sijamwona tena. Hakuna ukungu ambao sijashuka kumtafuta. Mmea nyuma ya jikoni umeshika na unatambaa vizuri, Ombati anakuja mara nyingi kuliko zamani, na najua nitakapolazwa. Lakini nakuambia kwa moyo wangu wote, ninamkosa. Nilimfungulia akaingia, akapumzika, na mimi nikabaki bila mtu wa kunisikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana nakusumbua wewe.

Bado huamini? Njoo nyumbani unikute nikiosha vyombo. Vidole hivi viwili nilivyomgusa navyo havilowi. Sabuni, maji ya moto, mvua, vinatoka vikavu. Watoto wa majirani wananiomba niwaonyeshe, na Bi Saumu alipoviona akasoma dua.

Kwa hiyo sikia. Leo, kabla giza halijaingia, zunguka ua wa kwenu kwa nje. Uliza wazee ni nani wamewekwa huko, na ukitajiwa jina, mwite ndani mwenyewe, upesi. Usingoje aje akufanye rafiki kwanza, kwa sababu ukishampenda, kumfungulia mlango ndiko kumpoteza.