Maji Ambayo Sikuyalilia

Wapendwa, nimesimama mbele yenu kwa miguu miwili, na hilo tayari ni la kushukuru.

Mimi ni fundi wa nguo pale Matisi, Kitale. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo mguu ndio ugali wangu. Kisha nyayo zikaanza kuwaka. Asubuhi za baridi, nikigusa sakafu tu, nilihisi nimekanyaga makaa. Nikasema ni baridi ya Kitale, nani asiyeijua?

Dada yangu Nekesa akaniita kwake Bungoma, kwenye joto. "Baridi imekuingia kwa mfupa," akasema. "Kuja nikukande."

Kwetu, anayekandwa kwa maji ya moto hulia. Akilia, mkandaji anajua joto limefika, anapunguza. Nekesa alichovya kitambaa, akakandamiza wayo wa kulia. Mimi kimya. Akaongeza maji ya moto.

"Unasikia?"

"Kidogo."

Akaongeza tena. "Vumilia," akasema, nami sikuwa na cha kuvumilia. Akanisifu, ati nimekuwa mgumu. Alipoinua kitambaa, ngozi ilikuja nacho.

Kidonda kilioza. Kilinuka hadi nikaona haya kukaa na watu. Hospitalini walinipima, wakakuta ugonjwa wa sukari.

"Mishipa inayoleta maumivu ndiyo hiyo inayopima joto na baridi," daktari alinieleza. "Sukari imeiharibu. Baridi kidogo, inapiga kelele za moto. Moto wenyewe ukija, inanyamaza."

Kisha akasema huenda mguu ukakatwa. Niliogopa sana. Nekesa alikaa kwenye benchi nje.

Walikata vidole viwili, wakangoja. Kila siku walikwangua nyama iliyokufa, nami nikitazama kama ni mguu wa jirani. Hadi asubuhi moja nesi alipogusa ukingo wa kidonda, nikapiga ukunga. Uchungu ulipanda hadi gotini. Nikamtazama Nekesa, nikingoja aniambie nivumilie.

"Lia," akasema, naye machozi yanamtoka. "Lia tu, dadangu."

Namshukuru Mungu, namshukuru na dada. Nakanyaga cherehani tena, polepole. Wewe ambaye nyayo zinawaka, pima sukari kabla ya kulaumu baridi. Maji yako yapimwe na kiwiko cha mtu mwingine. Na ukimkanda mtu asipolia, usimsifu. Weka maji chini.